Kifusi cha Bwana Mkwizu

Bwana Mkwizu, mwenye maghorofa matatu pale Mikoroshini, alibomoa ukuta wake na kifusi chote akakimwaga mtaroni. Kamati ya mtaa ilimwendea mara tatu, naye mara zote akawajibu kutoka dirishani, "Mwenye haraka akizoe!" Masika ilikuwa inabisha hodi, na nyumba ya kwanza kuogelea ingekuwa ya Siwatu, muuza vitumbua.

Jumamosi ya msaragambo, mtaa mzima ukifanya usafi, Siwatu akafika langoni kwa tajiri na majirani wawili wenye makoleo. Akapiga kigelegele.

"Mungu akuzidishie, baba! Tumekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kifusi ulichotuchangia. Tunakwenda kujazia dimbwi la langoni kwa Bwana Shekuwe. Kafurahi huyo, mpaka kachinja mbuzi!"

Shekuwe! Hasimu wake wa miaka kumi katika kesi ya mpaka!

"Nani kawachangia? Kifusi changu!"

"Si ulisema mwenye haraka akizoe?"

"Weka koleo chini! Haendi nacho mtu, hata kokoto!"

"Tuachie basi nusu, baba," Siwatu akabembeleza.

"Hata robo!"

Akaita lori lake. Kufika adhuhuri, kifusi chote kilikuwa uani kwake, kimefunikwa turubai, na mlinzi kakaa juu.

Siwatu akauchungulia mtaro, mweupe pe.

"Rudisheni makoleo," akawaambia wenzake. "Na mkimwona Bwana Shekuwe, msimpongeze kwa mbuzi. Mwenyewe hana habari kama kachinja."