Kambale Waliojificha Chini ya Kigae

Isome hii taratibu, kisha mtumie yeyote anayelea mtoto wa ndugu yake.

Huko Korogwe, Bi Sikudhani alimchukua Zawena, binti wa marehemu dada yake. Mtoto alikuja na begi moja, na tangu siku ile hakutamka neno. Familia ikikaa mezani, yeye alijificha na sahani yake nyuma ya pazia la mlango wa chumba.

"Toka, mwanangu, uje tule," Bi Sikudhani alimbembeleza.

Zawena akazidi kujivutia pazia.

Mumewe, Bwana Mbaruku, alimhurumia mtoto. Akanunua tangi la kioo na kambale wadogo wa mapambo, wa urefu wa kidole, wenye sharubu fupi na madoa mgongoni. Lakini walipotiwa majini tu, wote walikimbilia chini ya kigae cha chungu kilichowekwa juu ya mchanga. Wakagoma kutoka.

Jumapili moja wakaja wageni.

"Mbona tangi tupu?" wakacheka.

Bwana Mbaruku akaona haya. Akakunja mkono wa shati. "Subirini niwaondolee hicho kigae, muwaone."

Vidole vilipogusa maji, sauti ndogo ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba mdogo, usiwaondolee nyumba yao!"

Wote wakageuka. Zawena alikuwa amesimama mlangoni, machozi yakimtoka.

"Hawajakataa kutoka," akasema. "Wanaogopa. Hapa si kwao. Wakituzoea, watatoka wenyewe."

Bwana Mbaruku akautoa mkono polepole. Maji yalimdondokea kwenye suruali, wala hakujali. Alipomtazama mkewe, alimkuta ameziba mdomo kwa khanga.

"Sawa, mama," akamjibu mtoto. "Tutawasubiri."

Tangu hapo hakuna aliyemlazimisha Zawena kuja mezani. Bi Sikudhani alikaa sakafuni karibu na pazia, akichambua mchicha na kusimulia utukutu wake na dada yake walipokuwa wadogo. Hakuuliza swali lolote. Mara nyingine alisikia pazia likitikisika. Siku moja akasikia kicheko.

Asubuhi moja ya mvua, wakiwa wanakunywa chai, kiti kikavutwa. Zawena akaketi katikati yao, nywele timutimu.

"Mama mdogo, mbona mimi hamjanimiminia?"

Bi Sikudhani akamimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Funzo: Mtoto mwenye majonzi havutwi kwa mkono. Mwachie pa kujificha, kaa karibu naye, mpe muda. Moyo wake ukitulia, atakuja mwenyewe.