Kiwanja cha Bi Hobokela

Wewe unayesoma hii, hebu nijibu bila kuzunguka: mkopo wa mwenye nyumba wako anaulipa nani? Soma kwanza, halafu mtumie mpangaji mwenzako.

Bi Hobokela, fundi cherehani, alipanga kwa Mzee Mwinchande miaka mingi. Kodi alilipa ya mwaka mzima, mapema, kama mzee anavyotaka, na hakuwahi kuchelewa. Kwa kujinyima alinunua kiwanja kidogo Chanika. Alitaka vyumba viwili tu, atoke kwenye nyumba ya mtu.

Akaenda benki kuomba mkopo wa ujenzi. Afisa mikopo, tai imembana shingo, akamwambia hana kipato cha kueleweka. Next.

Mwezi huohuo Mzee Mwinchande, mwenye nyumba mbili, akaomba mkopo wa kujenga ya tatu. Alipoulizwa atalipaje, akasema kwa kodi za wapangaji. Benki ikafurahi. Eti cash flow nzuri.

Afisa yuleyule akaja kukagua nyumba na kuhesabu kodi itakayolipa mkopo, akamkuta Bi Hobokela barazani anashona. Mama akasimamisha cherehani.

"Mwanangu, hiyo kodi atakayowalipa si hela yangu?"

"Ni yako, mama."

"Mbona mimi mlininyima?"

Afisa akatazama viatu vyake. "Ikiwa mkononi mwako tunaiita hatari, mama. Ikifika kwake tunaiita kipato. Ndiyo system."

Mkopo ukatoka. Ili marejesho yatoshe, mzee akapandisha kodi. Bi Hobokela akahangaika kwa ndugu, kwa wateja, kwenye kikoba, haikutimia. Mwisho akamwambia dalali auze kiwanja.

Siku ya kuandikishana, ofisi ya serikali ya mtaa, alimkuta mnunuzi keshaketi. Mzee Mwinchande, na fedha za benki.

Wala hakumcheka. Alimpa pole, kwa upole kabisa.

"Usijali, dada yangu. Nikimaliza kujenga kule, chumba cha mbele ni chako. Utanilipa mwaka tu, wewe si mgeni."

Bi Hobokela akatia saini. Akapokea fedha, na palepale akatoa humo kodi mpya ya mwaka, akamrudishia.

Funzo: Mpangaji hujenga nyumba kila mwaka, ila si yake. Nyie wa mabenki, na nyie mliokalia viti vya wizara, acheni semina za hotelini: kodi tunayolipa ihesabiwe kuwa ushahidi kwamba tunakopesheka, na ihesabiwe sasa.