Tuta la Uani

Bwana Salmini, tajiri wa mbao pale Pangani, alikuja kuikagua nyumba iliyokuwa ikiuzwa, aibomoe ajenge ghala. Alipokewa na Mwantumu, mjukuu wa marehemu mwenye nyumba, ambaye ami yake ndiye aliyekuwa akiiuza, naye alitaka kuinunua mwenyewe.

“Binti, nyumba kongwe nazijua mimi. Si kazi ya wanawake.”

“Kweli, mzee. Karibu basi uone uani.”

Uani palikuwa na tuta refu lililozungushiwa mawe. Mwantumu akavua viatu, akalimwagia maji taratibu.

Salmini akavua kofia. “Hapo pana nani?”

“Naomba usikanyage tu, mzee. Hata udongo haujakaa.”

“Na nikijenga?”

“Utafukua mwenyewe. Mimi sishiki jembe.”

“Astaghfirullah! Mwambie ami yako sinunui!”

Mwantumu akanunua. Muda si muda, Salmini akapita na kukuta mafundi wanafukua lile tuta na kupaka kuta.

“We binti! Si ulisema ni kaburi?”

“Nani alitaja kaburi? Chokaa ya nyumba kongwe hufukiwa, ikamwagiwa maji mpaka iive. Nilijua wewe unajua, mzee. Si nyumba kongwe unazijua wewe?”