Siku Nyumbu Walipohesabiwa Majabalini

Hapo zamani za kale, kabla mpira wa miguu haujahamia kwetu wanadamu, wanyama walikuwa na ligi yao. Msicheke! Bibi yenu mimi timu yangu haijashika kombe tangu niolewe, na jezi bado naivaa. Haya mambo nayajua.

Ligi hiyo ilikuwa na miji mikubwa na miji midogo. Mkubwa kuliko yote ulikuwa Mbugani, mji wa nyumbu na nyati wachache waliowachezea mpira. Nyumbu wa kule ungewatazama mpaka macho yaume, na hujafika hata nusu yao. Mdogo kuliko yote ulikuwa Majabalini, mji wa mawe matupu, walikoishi pimbi.

Pimbi mnamjua? Kanyama kama sungura aliyenyimwa masikio, kanakaa juu ya jiwe kanaota jua. Kadogo hivyo hivyo, lakini kakipiga ukelele, utaziba masikio.

Mwenyekiti wa timu ya Majabalini alikuwa Bi Pimbi. Jezi alifua yeye, uji wa wachezaji alipika yeye, na timu ikifungwa alilia yeye. Mshambuliaji wake alikuwa Digidigi, mwenye miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Mbio zake usiseme!

Siku moja ya masika, mwenyekiti wa ligi nzima, Bwana Tembo, akaja Majabalini. Pu! Pu! Pu! Nyuma yake alikuwa karani Korongo, amebeba kikapu cha kokoto za kuhesabia.

"Hodi!"

"Karibu, mjomba. Shikamoo," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba. Lakini mimi ni mjomba wako tangu lini?"

"Wazee wanasema mimi na wewe ukoo wetu mmoja. Hebu tazama kucha za miguu yetu. Basi tu wewe ulikula ukashiba."

Korongo akacheka, kwi kwi kwi. Akatupiwa jicho, akanyamaza.

"Nimekuja kwa jambo zito," akasema Tembo. "Timu yako inatoka kwenye ligi."

"Inatoka? Kwa kosa gani? Mwaka huu hata mkia hatukushika!"

"Kosa ni mji wako. Mfadhili wetu ni Nyegere, muuza asali. Anataka jina lake likiandikwa kwenye jezi, lionwe na macho mengi. Mbugani macho hayana idadi. Karani, hapa wako wangapi?"

"Pimbi mia mbili na kumi, mwenyekiti. Na digidigi mmoja, na kobe mmoja, ila kobe nimemkuta amelala."

"Umesikia? Hili si soko, ni kibaraza! Digidigi nitamhamishia Mbugani. Uwanja wenu uacheni uote majani."

Bi Pimbi akautazama uwanja wake. Kabla ya timu ile, pimbi wa mawe ya juu na pimbi wa mawe ya chini walikuwa hawasalimiani. Mpira ndio uliowakutanisha. Ukiondoka, kila mmoja angerudi kwenye ufa wake na kufunga mlango. Aliumia, watoto wangu, aliumia sana. Lakini kilio akakiahirisha.

"Sawa, mjomba. Kama ni vichwa, basi na viwe vichwa," akasema. "Ila tuhesabu tena kiangazi, siku ya mechi ya mwisho, Mbugani wakija kucheza hapa. Mji utakaokuwa na vichwa vingi siku hiyo ndio ubaki kwenye ligi."

Tembo akacheka mpaka masikio yakampepea. "Ushindane na Mbugani? Wewe? Hata mkizaa asubuhi na jioni!"

"Tutajitahidi. Lakini siku ya mechi huwa napata wageni wawili watatu. Na wao wahesabiwe?"

"Hesabu wageni! Hesabu wapita njia! Hesabu na nzi ukipenda! Aliyesimama ndani ya mji siku hiyo ni wa mji huo."

"Basi weka mhuri, mjomba."

Siku hizo neno la mwenyekiti lilipigwa mhuri kwa mguu, kwenye udongo mbichi. Likishakauka, halifutiki mpaka pande zote mbili zikubali. Tembo akanyanyua mguu, pwaa! Korongo akaufunika mhuri kwa majani ili ukauke taratibu.

Mnajiuliza kwa nini Tembo hakustuka? Kwa sababu Mbugani alikuwa akienda masika tu, majani yakiwa mabichi. Kiangazi alijikalia mtoni kwake, kwenye kivuli na maji. Akilini mwake nyumbu walikuwa Mbugani siku zote, kama vilima.

Bi Pimbi ndiye aliyekaa juu ya jiwe mwaka mzima. Aliona kwamba majani yanapokauka, nyumbu hufunga safari, wakubwa kwa watoto, habaki hata mmoja. Na njia yao hupita katikati ya Majabalini!

Basi akawaita pimbi wote. "Kila shimo la jiwe lenye maji ya mvua, lifunikeni vizuri. Tuna wageni."

"Wangapi, Bi Pimbi?"

"Nyinyi funikeni tu."

Siku ya mechi ikafika. Jua kali! Wachezaji wa Mbugani, nyati kumi na mmoja, wakaingia uwanjani, na ardhi ikatikisika. Tembo akakaa kwenye kiti cha heshima, na kiti kikalia, kwiii.

Bi Pimbi alikuwa juu ya jiwe refu kuliko yote, anatazama njia. Tupu. Hata inzi hapiti.

Priii! Mpira ukaanza. Nyati wakafunga la kwanza. Wakafunga la pili. Bi Pimbi wala hakutazama. Ghafla akaona vumbi, kule mbali! Moyo ukamruka kwa furaha. Halafu akaangalia vizuri, furaha ikamwishia. Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha ng'ambo, na nyumbu walikuwa wanakata kushoto. Wanapita pembeni!

"Mungu wangu," akanong'ona. "Nimeipoteza timu."

Nyati wakafunga la tatu.

"Karani, anza kuhesabu," akasema Tembo, akipiga miayo. "Nina safari."

"Filimbi bado haijalia, mwenyekiti."

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Digidigi akaunasa mpira katikati ya uwanja. Akapita chini ya tumbo la nyati wa kwanza, chwi! Akapita chini ya tumbo la wa pili, chwi! Kipa akajirusha huku, mpira ukaenda kule. Gooo!

Weee! Pimbi mia mbili na kumi wakasahau kwamba wamefungwa matatu. Wa mawe ya juu wakawakumbatia wa mawe ya chini, wakapiga ukelele kwa pamoja: "Yiiiiiii! Yiiiiiii!" Hata kobe akaamka, akauliza kama ni asubuhi.

Kule mbali, vumbi likasimama.

"Kuna nini kule mawe yalipo?" akauliza Bibi Nyumbu, mwenye pembe moja, aliyekuwa mbele ya msafara.

"Sijui, bibi. Lakini kuna watu wanafurahi," akajibu nyumbu wa nyuma yake.

"Basi na sisi twende!"

Nanyi mnawajua nyumbu. Akienda mmoja, wameenda wote. Tifu, tifu, tifu, tifu! Wakamiminika Majabalini, wakajaa vichochoroni, wakajaa juu ya mawe, wakauzunguka uwanja mpaka jua likawa halionekani kwa vumbi.

"Karibuni! Maji yapo!" Bi Pimbi akapaza sauti huku machozi yanamtoka. "Kaeni popote, ila msisimame golini!"

Priii! Mechi ikaisha, tatu kwa moja. Korongo akaanza kuhesabu. Akahesabu mpaka shingo ikamuuma.

"Mwenyekiti, kokoto zimekwisha. Nyumbu bado."

Mara ndugu yake Korongo, aliyetumwa kuhesabu Mbugani, akatua.

"Nimekuta nyati wazee saba na kakakuona mmoja," akasema. "Na huyo kakakuona alikuwa anafunga mizigo."

Tembo akaruka kitini. "Huu ni ulaghai! Nyumbu hawa ni wangu!"

Korongo akauendea ule mhuri wa masika. Akaondoa majani juu ya udongo. Mhuri ulikuwa mkavu kama kigae. Tembo akautia mguu wake taratibu, akitumaini hautaenea. Ukaenea sawasawa.

"Lakini kesho wataondoka!" akalalamika.

"Na kwako waliondoka jana, mjomba," akasema Bi Pimbi.

Uwanja mzima ukacheka, na Korongo safari hii akacheka bila kuogopa.

"Kwa mhuri wako mwenyewe, Mbugani ndiyo inayotoka kwenye ligi," Bi Pimbi akaendelea. "Lakini mimi sitaki itoke. Ikitoka, tutafungwa na nani? Futa tu hiyo kanuni yako ya vichwa, sote tucheze."

Tembo akainamisha mkonga. Polepole akanyanyua mguu, akaukanyagakanyaga mhuri wa zamani mpaka ukawa vumbi. "Majabalini wamebaki," akasema. "Na... wewe binti, ule uji wako bado upo? Nina njaa."

"Upo, mjomba. Kaa chini ule."

Bibi Nyumbu alikuwa bado anautazama uwanja mtupu, pembe yake moja imejaa vumbi. Akamgusa Bi Pimbi begani kwa pua.

"Samahani, mama. Mechi nyingine ni lini?"

Tangu mwaka ule nyumbu hawakukata kushoto tena. Kila kiangazi walipitia Majabalini siku ya mechi ya mwisho, na Nyegere akaandikisha jina lake kwenye jezi za pimbi kwa mkono wake mwenyewe.

Hadithi yangu nimeikunja kama jezi, naiweka kabatini, na funzo lake ni hili: timu hukuzwa na wale wanaokuja kuishangilia, hata kama mji wake ni mawe matupu.