Pepeo la Bahari na Amri ya Pili

Alitawala katika mji wa Ras Yakuti sultani aliyeitwa Ghanimu bin Sarahani, na jumba lake lilikuwa na kuta nene na mapazia mazito, kwa maana desturi ya mji ule ilikataza upepo wowote kumgusa mfalme ila ule uliotoka mkononi mwa mpepeaji wake. Mpepeaji huyo alikuwa kijana mmoja, Raihani, na kutwa alisimama nyuma ya kiti cha enzi akipepea, huku mawaziri wakitoa nasaha zilizozidi joto kwa kuchosha.

Sultani alikuwa na binti, Siti Durra, naye Raihani alimpenda kimoyomoyo. Wachumba walimletea Siti Durra mapepeo ya bahari, yale matumbawe yaliyotandazika mfano wa pepeo, na yote yalifika makavu, yamepauka, yananuka, naye akasema haolewi na mtu anayemposa kwa maiti. Ndipo Sultani akatangaza kwamba atakayetia katika birika la marumaru la jumba pepeo la bahari lililo hai na rangi zake, atamwoza binti yake, na atakayejaribu akashindwa, atakatwa kichwa.

Raihani alikuwa na pete aliyoachiwa na mama yake, na siku hiyo, kwa wasiwasi, akaisugua hata akatoka jini Dahmani, mrefu kupita nguzo za jumba. Jini akainama, akasema, "Labeka, bwana wangu. Nina amri mbili za kukutimizia, na baada ya hizo mimi ni huru."

Raihani akaazimia kutumia ya kwanza kupata pepeo, na ya pili kuiokoa shingo yake mambo yakiharibika. Akaamuru apelekwe baharini, na pepeo lililo hai lichukuliwe huko hadi birikani, naye jini akamshusha ndani ya tufe la hewa hadi kwenye ukuta wa mwamba mahali mkondo unapopita kwa nguvu, na hapo Raihani akasahau hata kupumua. Pepeo lilisimama juu ya kikonyo kimoja kilichong'ang'ania jiwe, refu kuliko yeye, la zambarau lenye kingo za manjano, na matawi yake yalisukana kama wavu, na maji yalipolisukuma lilipinda na kurudi bila kuvunjika. Alipokaribia aliona kwamba matawi yote yamejaa vinyama vidogo mno, kila kimoja na mikono minane yenye vinyweleo, na vyote viliishi katika mwili mmoja, hata kilichokamatwa na kimoja kikamshibisha na jirani. Na katika tawi moja alijifunga kwa mkia farasi wa bahari mdogo kama punje ya choroko, mwenye rangi ile ile, hata ungeapa ni sehemu ya tawi.

"Lilikuwapo kabla babu yake Sultani hajazaliwa," akasema Dahmani, "na kwa mwaka huongezeka upana wa kidole tu."

Basi jini akaling'oa pamoja na jiwe lake, akalitia katika birika lililojazwa maji ya bahari, na Raihani, kwa heshima ya kitu kile, akalitendea kama mfalme. Akashusha mapazia na kufunga madirisha, upepo usiliguse.

Siti Durra akaja kulitazama kabla ya baba yake. Lakini vinyama vilikuwa vimefumba mikono, kimoja baada ya kimoja, na zambarau ilikuwa imeanza kufifia. Raihani akashika pepeo lake la kazi, akayapepea maji kama alivyozoea, na vinyama vikafumbua mikono, vikapapasa, kisha vikafumba tena. Hapo akaelewa, na moyo ukamuuma. Pepeo hili halikimbilii chakula. Husimama kukingama mkondo, na mkondo huliletea riziki, na yeye alikuwa amelifungia mlango wa riziki.

"Linakufa njaa, Siti," akasema. "Nimebakiwa na amri moja."

"Na baba akilikosa hapa?"

Raihani akaisugua pete, akaamuru pepeo lirudishwe kwenye ukuta wake, upande wake mpana ukiukabili mkondo, na farasi wake mdogo pamoja nalo.

Sultani alipoingia akakuta birika tupu, akamwita mwenye upanga. Raihani akapiga magoti, akaeleza yote bila kujitetea, na Siti Durra akasimama kando yake akasema kwamba wengine walimletea maiti, na huyu peke yake ndiye aliyeona uhai. Lakini Sultani hakumrudisha mwenye upanga, kwa kuwa alikuwa ametangaza neno lake mbele ya watu.

Ndipo Dahmani akatokea bila kuitwa. "Ee Sultani, nimetii wengi, na wote waliniamuru kuleta. Huyu peke yake ameniamuru kurudisha. Sasa mimi ni huru, na hili nalifanya kwa hiari yangu." Akawachukua wote watatu ndani ya tufe la hewa, akawasimamisha mbele ya ukuta, na pepeo lilikuwa limefumbua mikono yake yote, na zambarau yake imerudi. Sultani Ghanimu akalia waziwazi, akakiri kwamba lililotiwa birikani lilikuwa hai, akamrejeshea Raihani shingo yake na kumpa mkono wa binti yake.

Walioana kwa fahari, na Sultani akapiga marufuku kukata mapepeo ya bahari, akayafungua madirisha yote, na kiti chake cha enzi akakiweka katikati ya mlango, upepo wa mjini unapoingia na sauti za watu wake. Na Raihani hakupepea tena, kwa maana hapakuwa na haja.