Kenge Aliyelala Kizingitini

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mtu, na nyumba yake, na kitu ndani ya nyumba asichokijua. Aliye mbali asogee, aliye karibu asisinzie.

Hapo kale alikuwapo mtu aitwaye Mshamu, kazi yake kuwamba vitanda vya kamba. Mke wake aliitwa Siwatu. Mji wao ulikuwa mdogo, nao ulikuwa na desturi moja. Jioni, baada ya sala, kila mwenye nyumba huketi barazani akawaombea majirani mlango kwa mlango, akaanzia mkono wa kulia, akazunguka mpaka akarudi kwake. Mungu mpe heri aliye mlango huu. Mungu mpe heri aliye mlango huu. Hivyo hivyo, na mji ukalala salama.

Siku moja Siwatu akashikwa na uchungu wa kuzaa. Akaingia Bi Mkejina, mkunga wa mji, na mkunga mwingine hapakuwa. Kulipokucha Bi Mkejina akatoka peke yake. Siwatu hakutoka. Mtoto hakutoka.

Watu wakaketi matanga. Wakamuuliza Mshamu kama ana kinyongo na mtu, akasema hana. Wakamuuliza tena, akasema hana. Wakamuuliza mara ya tatu, akajibu, "Ni kazi ya Mungu. Mimi sina neno na mtu yeyote." Wala hakusema uongo. Ndivyo alivyojijua.

Matanga yalipokwisha, Mshamu akakuta kenge chini ya kitanda chake. Alikuwa mdogo, urefu wa kidole. Akamfagia nje. Jioni akaketi barazani, akaomba, akazunguka mji mzima kwa ulimi. Alipoingia ndani, kenge amerudi, na urefu wake ni mkono.

Akamfagia. Akaomba. Kenge akarudi, na urefu wake ni mguu.

Mshamu akafadhaika. Akamwendea mbuzi wake, akamuuliza ni nani aliyemtuma kenge. Mbuzi akasema yeye hula majani, mambo ya chini ya vitanda hayajui. Akamwendea kuku. Kuku akasema tangu kenge aingie ameacha kutaga, kwa hiyo asiulizwe maswali mengine. Akamwendea kunguru wa paani. Kunguru akainamisha kichwa, akamtazama kwa jicho moja.

"Hakuna aliyetuma kitu," kunguru akasema. "Mimi naona tu kwamba ukiomba, ananenepa."

Mshamu hakuelewa. Dua inamnenepeshaje kenge? Akaacha kuomba, kenge akabaki vile vile, akikwaruza sakafu. Akaomba mara mbili kwa jioni, kenge akanenepa mara mbili. Kuacha hakumsaidii, kuendelea kunamdhuru. Akawa anaketi barazani mdomo wazi, hajui kama aanze au anyamaze.

Basi Mshamu alikuwa na binti, jina lake Kidawa, aliyeolewa mji wa pili. Kidawa alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mwanamke huja kuizalia kwao. Mama hayupo, lakini kwao ni kwao. Akaja, akaingia chumba kile kile. Kenge akatoka chini ya kitanda, akajilaza kizingitini, akaujaza mlango. Kidawa alipotaka kutoka, akampisha. Jirani alipoleta uji, akampisha. Kila mtu kenge alimpisha, watu wakaanza kumzoea.

Adhuhuri moja uchungu ukamshika Kidawa. Bi Mkejina akaja mbio na kikapu chake. Kenge akainua kichwa, akafura, akaziba mlango wote. Bi Mkejina akaenda kulia, kenge kulia. Akaenda kushoto, kenge kushoto.

"Baba, mwondoe," Kidawa akaita kutoka ndani. "Mwenzio nakufa."

Mshamu hakuwa na silaha nyingine. Akaketi, akaomba kwa sauti, mlango kwa mlango. Alipofika katikati, kenge akapanua kinywa akameza kitu, na mkia wake ukaongezeka.

"Baba, umeruka nyumba," Kidawa akasema.

Mshamu akauliza nyumba ipi.

"Ya bibi huyu aliyesimama hapo. Kila unapoomba unairuka. Nimekusikia tangu nije, nikadhani una sababu yako."

Mshamu akamtazama Bi Mkejina. Akamtazama kenge.

"Nani amekutuma?" akamuuliza kenge.

"Sikutumwa. Nimezaliwa humu humu."

"Unakula nini?"

"Jina unaloliruka. Ni tamu sana, lina chumvi."

Basi Mshamu akasema haraka, "Mungu mpe heri Bi Mkejina." Kenge hakusogea. "Hilo umelitema," akasema, "hukuliomba."

Mshamu akasema, "Mungu msamehe Bi Mkejina." Kenge akaongezeka shibiri. "Endelea," akasema. "Amekosa nini?"

Mshamu akatafuta kosa. Akatafuta moyoni, hakuliona, na kutoliona kukamtia hasira kuliko kuliona. Ndani Kidawa akapiga ukelele. Mara ya tatu Mshamu hakumgeukia Mungu, alimgeukia yule mama.

"Bi Mkejina, nakuchukia," akasema. "Sijui kwa nini. Hukunikosea. Uliingia na mke wangu, ukatoka wewe. Sina neno jingine."

Bi Mkejina akaweka kikapu chini.

"Najua, mwanangu. Tangu siku ile shikamoo zako zote unavipa viatu vyangu. Wewe unanichukia jioni tu. Mimi mikono hii naichukia kutwa. Naipikia, naioshea, nimeshindwa kuiacha mahali."

Mshamu akaitazama ile mikono. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba nyuma ya mlango ule nako kuna mtu asiyelala. Akaomba, na safari hii maneno yalitoka vibaya, hayakujipanga. "Mungu, huyu mama, alale. Na mikono yake. Umpe unachonipa mimi. Umpe na ambacho hunipi."

Kenge akanywea. Akawa mguu, akawa mkono, akawa kidole. Bi Mkejina akamruka, akaingia.

Alasiri kikasikika kilio cha kichanga, kisha sauti ya Kidawa akiomba maji. Bi Mkejina akatoka na mtoto wa kike katika kanga. Akasimama, hakujua kama ampe au asimpe. Mshamu naye hakujua kama ni furaha aliyonayo au ni msiba ule ule umebadili nguo. Akanyoosha mikono.

"Nipe, mama," akasema.

Na kenge? Kenge hakuondoka. Mshamu alimuuliza ataondoka lini, akajibu kwamba hata yeye hajui. Basi kila jioni Mshamu aliomba, na kila alipofika mlango ule alisita, ndipo akautaja. Kenge akabaki kidole.

Kwa hiyo, wenzangu, msimuulize mtu kama ana chuki. Atasema hana, na atakuwa mkweli. Mwambieni awaombee majirani kwa sauti, nanyi msikilize ni mlango upi anauruka. Kisha mwende mkajisikilize wenyewe.

Hadithi imefika hapa, imechoka, inataka kulala. Aliyeielewa amweleze asiyeielewa. Na mimi nimo katika wasioielewa, basi anayetaka kuanza aanze na mimi.