Bi Mashavu na Mashine ya Kupima Wapishi

Palikuwa na Sultani, Seyyid Humudi, aliyenunua kompyuta. Lo! Tangu siku hiyo mji wote ulikosa raha. Kompyuta iliwekwa ukumbini juu ya mto wa hariri, ikapepewa kuliko mke mdogo. Kazi yake kupima tabia za watu. Amri ikatoka: hapana atakayepewa kazi jumbani mpaka mashine imuulize, imjue, na itabiri kazi ataifanyaje. Kuonyesha kazi yenyewe, marufuku. Majibu tu.

Wala haikuwauliza watu wote maswali yale yale. Ilikuwa kama wifi. Ukijibu hivi, inakutafutia swali la kukubana papo hapo. Ukisema unapenda watu, inauliza wangapi. Ukisema watatu, inauliza wengine wamekukosea nini.

Basi mpishi wa jumba akazeeka, akarudi kwao. Bi Mashavu akaitaka kazi. Mjane, wajukuu wanne, paa la makuti limebaki mbavu. Lakini pilau yake! Harusi ziliahirishwa kumngoja apone mafua. Ulimi wake sasa... mie simsemi mtu, ila mashoga zake wenyewe walimsalimia kwa mbali.

Jumatatu asubuhi akakalishwa mbele ya mashine. Waziri Mbaruku akawa anasoma maswali yanavyotokea kwenye kioo.

"Je, wewe hukasirika?"

"Nikichokozwa."

"Ndiyo au hapana, Bi Mashavu!"

"Ndiyo."

Mashine ikalia ti! Swali jipya.

"Hukasirika mara ngapi kwa siku?"

"Leo, au siku ambazo sikuja hapa?"

"Taja idadi!"

"Moja. Ndiyo hii."

Ti!

"Je, unamtii mkubwa hata akikosea?"

"Mkubwa akiniamuru nitie sukari kwenye mchuzi wa pweza?"

"Ndiyo au hapana!"

"Hapana. Sukari nitamtilia kwenye chai yake, anywe anyamaze."

Sultani akasoma kioo, akaruka kitini. "Mashine imeshasema! Mjeuri, mbishi, hafai jikoni. Atoke!"

"Na pilau yangu, Seyyid, imeionaje?"

"Mashine haili pilau!"

"Haili? Pole yake. Ndiyo maana inauliza uliza."

Akatolewa. Kazi akapewa bwana mmoja, Shaame. Huyu alijibu asali tupu: hajakasirika tangu azaliwe, anapenda watu wote, huamka anacheka. Mashine ikampa tisini na tisa kwa mia. Maji ya chai alikuwa hajawahi kuyachemsha.

Jumatatu ile ile wali mbichi. Jumanne umeungua. Jumatano mbichi juu, umeungua chini. Shaame anatabasamu tu! Na Sultani angesema nini? Akilalamika, ameitia aibu mashine yake mwenyewe. Akawa analala na njaa, asubuhi anausifu wali.

Alhamisi kukawa na harusi nyuma ya ukuta wa jumba. Mpishi nani? Bi Mashavu. Kapalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, harufu ikapanda ukuta, ikaingia dirishani kwa Sultani bila hodi. Seyyid Humudi akatokea mlango wa uani, kilemba upande, Waziri nyuma yake.

"Bi Mashavu, pakua."

"Karibu, Seyyid. Ila siku hizi nami simpakulii mtu kabla ya kumpima."

"Unampima Sultani?" Waziri akafoka.

"Tabia tu, Waziri. Haiumi. Seyyid, wewe ni mtu wa subira?"

Sultani akawatazama watu wa harusi, nao wanamtazama. Akakohoa. "Sana."

"Alaa. Mwenye subira namuuliza hivi: waweza kukaa siku nzima hujala?"

"Siku moja? Mimi hata tatu!"

"Mashallah! Wa siku tatu swali lake hili: unayo tamaa ya chakula?"

Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu waliacha visu.

"Sultani hana tamaa."

"Na harufu hii haikusumbui?"

"Hai... hainisumbui," akasema, mate yakimlowesha ndevu.

Bi Mashavu akarudisha kifuniko, tap! "Umefaulu mia kwa mia, Seyyid. Majibu yako yanatabiri kwamba huli. Nenda kwa amani. Nani anafuata?"

"Mimi!" Waziri akapenya. "Sina subira hata kidogo! Tamaa ninayo tangu utotoni!"

Akapakuliwa sahani, nyama juu, kachumbari pembeni. Akaanza kula palepale kasimama.

Sultani akapiga mguu chini, macho hayatoki kwenye ile sahani. "Niondolee maswali yako, mwanamke! Niwekee chakula mbele yangu, ndipo utajua kama nala au sili!"

"Nawe ungenipa sufuria, Seyyid, ungekuwa unashiba tangu Jumatatu."